Kufundisha Kazi ya Fyuzi kwa Kutumia Lori la Zamani

Somo la umeme katika shule zetu hufundishwa kwa betri za tochi, globu ndogo na mchoro wa ubaoni. Mwanafunzi hujibu mtihani vizuri: fyuzi ni waya mwembamba unaoyeyuka mkondo unapozidi. Lakini mwulize kama fyuzi ya ampea 10 iliyoungua yafaa kubadilishwa kwa ya ampea 30, naye huenda akakujibu kwamba ile ya 30 ni bora, kwa kuwa ina nguvu zaidi. Jibu la namna hiyo huunguza magari, na hata nyumba.

Kwa wanachuo watakaofundisha Ngara na Biharamulo, sisi tunapendekeza lori liwe kifaa cha kufundishia. Barabara ya kutoka Lusahunga hadi mpaka wa Rusumo hupitisha magari makubwa, na watoto wa huko huyajua. Mwalimu akibahatika kupata Bedford ya miaka ya 1960, amepata kifaa bora kuliko gari jipya: nyaya zake zinaonekana, nazo hazikupitishwa kwenye kompyuta yoyote. Kazi yenyewe iwe moja, kuongeza taa mbili za ukungu na tundu la kuchajia simu.

Kwanza wanachuo waone kwamba fyuzi hulinda waya, haikuwekwa kuilinda taa. Jaribio lake ni rahisi. Chukua betri nne za tochi za volti 1.5, globu ya volti 6, na uzi mmoja mwembamba wa chuma wa kusugulia masufuria. Ukipitisha mkondo wa globu katika uzi huo, globu huwaka na uzi hubaki mzima. Sasa unganisha ncha mbili za globu kwa kipande cha waya: uzi huwa mwekundu, hukatika, na nyaya nyingine zote husalimika. Jaribio lifanyiwe juu ya kigae, wala lisijaribiwe kamwe kwa betri ya lori, ambayo ikipigwa shoti hutoa mamia ya ampea.

Kutokana na hilo hufuata hesabu. Taa mbili za wati 55 kila moja ni wati 110. Ukigawa kwa volti 12 unapata ampea 9.2 hivi. Waya wa shaba wa milimita mraba 2.5 hubeba ampea 20 bila kupata joto la hatari. Fyuzi basi ikae katikati, juu ya mahitaji ya taa na chini ya uwezo wa waya: ampea 15. Mwanachuo anayeweza kueleza kwa nini si 10 wala si 30 amelielewa somo.

Lori la zamani lina mitego yake. Magari mengi ya Uingereza ya miaka hiyo yalikuwa na fyuzi mbili tu, na mara nyingi taa kubwa hazikuwa na fyuzi kabisa. Kwa hiyo anayeng'ang'ania kunyofoa umeme wa taa mpya kutoka waya wa taa kubwa anaunganisha mahali pasipo na mlinzi. Tena, fyuzi za kioo za Lucas zilizoandikwa 35 zilihesabiwa kwa mkondo unaoziunguza. Mkondo wa kudumu ni kama nusu ya hapo. Anayeweka fyuzi ya mtindo mwingine yenye namba ile ile amepunguza kinga kwa nusu bila kujua. Mengine yalifungwa ncha chanya ya betri kwenye chesisi, jambo linaloweza kuua chaja ya simu mara moja. Na penye betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kuwa 24, kuna desturi ya kuvuta umeme wa redio kwenye betri moja peke yake. Hiyo moja hudhoofika, na mwenzake huchajiwa kupita kiasi.

Katika kufunga, kwanza ondoa waya wa betri unaokwenda kwenye chesisi. Kisanduku kipya cha fyuzi kiwe karibu na betri iwezekanavyo, maana kipande cha waya kati ya betri na fyuzi hakina kinga yoyote. Kila kifaa kiwe na fyuzi yake, ili chaja ikiharibika usiku porini dereva asipoteze taa pia. Swichi ya zamani isibebeshwe ampea 9. Iwashe rilei, na rilei ibebe mzigo. Waya unapopita kwenye bati, tundu livishwe mpira, kwa sababu mtikisiko wa barabara za vumbi hukwangua ganda kidogo kidogo mpaka shaba iguse chuma.

Mwisho mwalimu awashe taa na kupima volti kwenye betri, kisha kwenye ncha mbili za taa. Waya wa mita 4 wa unene tuliotaja hupoteza kama robo volti. Tofauti ikifika volti moja au zaidi, wanachuo watafute wenyewe, wakianzia kwenye skrubu ya chesisi: mara nyingi rangi haikukwanguliwa chini yake, au kutu imeshaingia.