Mgonjwa Huongezewa Damu Lini? (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza jinsi chembe nyekundu zinavyobeba oksijeni kutoka mapafuni. Leo tuingie wodini.

Katika pwani hii, kuanzia Bunju na Mapinga hadi Bagamoyo na kuendelea Saadani, malaria ndiyo adui mkubwa wa damu ya mtoto mdogo. Vimelea huingia ndani ya chembe nyekundu, huzaliana humo, kisha huzipasua, na uboho hauwahi kutengeneza nyingine za kufidia. Minyoo ya safura na lishe hafifu huzidisha hali.

Mzazi akiambiwa "damu yake ni gramu tano", hutaka chupa itundikwe papo hapo. Simlaumu hata kidogo. Lakini namba peke yake haiamui. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, mtoto mwenye hemoglobini chini ya gramu 4 kwa desilita ya damu huongezewa damu bila kungoja. Kati ya 4 na 6, daktari humtazama mtoto mwenyewe: anahema kwa shida? Amepoteza fahamu? Moyo umeelemewa? Utafiti mkubwa uliofanyika Uganda na Malawi, ukachapishwa 2019, ulionyesha kuwa watoto wa kundi hilo wasio na dalili hizo hawakufa zaidi kwa kutoongezewa damu mara moja, ilimradi wanapimwa tena na tena na damu ipo tayari wakibadilika. Kwa hiyo mtoto akianza kuhema kwa kasi, mbavu zikibonyea kila avutapo pumzi, usingoje gari la asubuhi.

Mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua ni habari nyingine kabisa. Mtoto aliyepungukiwa taratibu, mwili wake umepata muda wa kujizoeza. Mama aliyepoteza lita nzima kwa dakika chache hakuupata. Tena kipimo cha hemoglobini wakati huo hudanganya, kwani damu iliyobaki ni nzito vilevile. Namba hushuka baadaye, maji ya mwili yakishaingia mishipani. Hapo mkunga hutazama mapigo ya moyo, presha na damu iliyomwagika, wala hasubiri majibu ya maabara.

Mwenye selimundu aweza kuishi miaka na gramu 7 au 8. Huongezewa inaposhuka ghafla chini ya kawaida yake, kwa mfano bandama linapovimba na kuzuia damu. Maumivu ya mifupa pekee si sababu.

Juma lijalo: damu hiyo hukusanywaje, na hupimwa nini kabla ya kumfikia mgonjwa.