Kazi Kabla ya Kupona Kabisa

Myanga, katika kaunti ya Bungoma, kazi nyingi hazina barua ya kuajiriwa. Watu hukata miwa kwa kibarua, hufyatua matofali, huendesha bodaboda, huuza nyanya na omena siku ya soko. Basi anayetoka wodi ya akili hafutwi kazi. Nyapara hamwiti tena, chama cha akiba kinamruka zamu, na watu wa nyumbani, kwa upendo kabisa, wanamwambia apumzike mpaka apone vizuri. Miezi inageuka miaka.

Hata wataalamu waliamini hivyo kwa muda mrefu. Mgonjwa wa skizofrenia alitakiwa apate nafuu, afundishwe ufundi kwenye karakana ya hospitali, halafu akionekana yuko tayari ndipo atafutiwe ajira. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko New Hampshire nchini Marekani, Robert Drake na Deborah Becker waligeuza mpangilio huo. Kila anayetaka kazi atafutiwe mara moja, kazi anayoichagua mwenyewe na yenye malipo ya kawaida. Ajifunze akiwa kazini. Msaidizi wake wa ajira aketi meza moja na daktari na muuguzi, na aendelee kumfuatilia hata baada ya kuajiriwa.

Njia hiyo ilipimwa katika miji 6 ya Ulaya, ikiwemo London, Rimini na Sofia, kwa wagonjwa 312, na matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Katika miezi 18, asilimia 55 ya waliosaidiwa hivyo walifanya kazi angalau siku moja. Kwa utaratibu wa zamani ni asilimia 28 tu. Hofu kwamba kazi ingewarudisha wodini haikutimia: waliolazwa tena walikuwa asilimia 20, dhidi ya 31 upande wa pili.

Dawa hutuliza sauti anazosikia mgonjwa, lakini mara nyingi hazimrudishii hamu ya kuamka, umakini, wala uwezo wa kupanga siku yake. Hayo huweza kurudi kwa kutumiwa, na kazi huyatumia kila siku.

Kwangu mimi, jambo zito kuliko yote hapa ni ile meza moja. Klopromazini hufanya ngozi iungue upesi juani, na mkata miwa hushinda juani. Anayetumia lithiamu akitoka jasho jingi bila kunywa maji ya kutosha, dawa inaweza kuzidi mwilini hadi kumdhuru. Olanzapini huleta usingizi, hatari kubwa kwa mwenye pikipiki. Haloperidoli huweza kukaza misuli na kutetemesha mikono ya fundi cherehani. Mengi ya haya yana njia: kumeza dawa usiku, kupunguza kipimo, kubadilisha dawa, kofia pana na mikono mirefu. Ila daktari asipouliza mgonjwa anafanya kazi gani, mgonjwa ataamua peke yake, na mara nyingi ataacha dawa ili aweze kushika panga.

Katiba ya Kenya ya 2010 inautambua ugonjwa wa akili katika maana ya ulemavu, na hilo ni jema. Lakini nafasi zinazotengewa watu wenye ulemavu katika ofisi za umma hazimfikii kibarua wa shamba la miwa.

Kilicho karibu zaidi na maisha ya Myanga kilifanyika Nyeri Kaskazini na Meru Kusini. Huko shirika la BasicNeeds liliunganisha kliniki, vikundi vya kusaidiana na shughuli za kujipatia riziki. Watafiti waliwafuatilia watu 203 kwa miaka miwili, na mwaka 2013 wakaripoti kwamba afya yao iliimarika na shughuli zao za kiuchumi zikaongezeka. Hakukuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo hatuwezi kusema mpango huo pekee ndio uliowainua. Hata hivyo, unadokeza kwamba pasipo na mwajiri, kikundi na shughuli ndogo ya kujipatia riziki vinaweza kushika nafasi ya ajira.

Tangu 2023 Kenya ina wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 wanaopita nyumba kwa nyumba. Kaunti ya Bungoma na jirani yake Trans Nzoia zingeweza kuwaongezea jukumu moja: kumuuliza aliyetoka wodini anataka kufanya kazi gani, kulipeleka jibu kwa muuguzi anayempa dawa, kisha kwenda naye kwa nyapara au kwa mwenyekiti wa chama kuomba arudishiwe nafasi yake.