Kiti cha kulipia hakiunganishi jamaa

Hakuna jamaa ya Uvira inayokwenda kupanda ndege Bujumbura ambayo haijaniuliza: "Tulipie viti, ama watatutawanya ndani?" Nimechoka kulijibu swali hili kwa upole.

Wanaotawanyika hawatawanywi na kiti ambacho hawakulipia. Wanatawanywa na tiketi walizonunuliwa mbalimbali. Shemeji aliyeko Ohio anawakatia bibi na mjukuu mmoja, kaka wa Nairobi anawakatia wawili, waliobaki wanakatiwa na ajansi ya hapa Mulongwe. Kila ununuzi una kodi yake (code) ya herufi na tarakimu, jumla sita, na kompyuta inapogawa viti huangalia kodi. Waliomo katika kodi moja inawaona pamoja, inasoma na umri wao, na kwa kawaida inajitahidi kumweka mtoto karibu na mtu mzima. Kodi tatu, kwake, ni wageni watatu wasiojuana. Wala majina hayatawasaidia: kwetu baba, mama na mtoto mara nyingi kila mmoja ana jina lake. Kompyuta itajuaje kwamba ni nyumba moja?

Sasa hofu hii imetoka wapi? Imetoka kwenye sauti za WhatsApp za ndugu walioko Ubelgiji. Wao hupanda mashirika ya bei rahisi, na huko ni kweli kiti ni biashara. Ryanair humtaka mtu mzima anayesafiri na mtoto wa chini ya miaka 12 alipie kiti chake, kisha watoto wanapewa vyao bure kando yake. Sawa. Lakini Ryanair haitui Bujumbura. Na hata Ulaya jambo hili lina miiko yake: mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza inaelekeza mtoto mdogo akae safu moja na mtu wake mzima, na ikishindikana, wasitenganishwe kwa zaidi ya safu moja au njia ya katikati.

Kinachoniudhi zaidi ni ajansi wanaokula hofu hiyo. Mtu analipa dola kwa kila kichwa, anaandikiwa kwa kalamu "12A, 12B, 12C" nyuma ya tiketi, anarudi Kalundu ametulia. Alichonunua ni wino. Kiti kilicholipiwa kweli kwa shirika hutolewa risiti yenye namba yake ya tarakimu 13, tofauti na ya tiketi, inayoanza na namba ya shirika: 071 kwa Ethiopian, 706 kwa Kenya Airways. Huioni? Basi una ombi tu, na ombi halina bei. Tena, aliyelipia kipande cha Bujumbura hadi Addis Ababa hajalipia kile cha Addis kwenda mbele. Ndege ikibadilishwa, safu ya 12 ya leo si ya kesho. Shika risiti udai pesa zako. Na jamaa yenye watoto wawili wa kupakatwa isishangae mmoja akihamishwa safu hata baada ya kulipa: barakoa za oksijeni juu ya kila safu zina idadi yake, na mara nyingi ya ziada ni moja tu.

Basi fanyeni hivi. Mnunuzi mmoja, kodi moja, hata kama pesa zinatoka nchi tatu. Tarehe za kuzaliwa ziwe za kweli. Aliyetimiza miaka 12 anahesabiwa mtu mzima, msilie. Tiketi zimeshakatwa mbalimbali? Lipigieni shirika lenyewe simu, liandike katika kila kodi kwamba mnasafiri pamoja. Jisajilini kwenye intaneti mara tu dirisha linapofunguliwa, kabla ya kuvuka Kavimvira, maana foleni ya mpaka ikiwachelewesha mtakuta viti vya mabaki. Kwenye kaunta, tajeni kwanza mtoto mdogo kuliko wote. Kitanda cha kichanga huombwa mapema kwa shirika, hakinunuliwi njiani. Kulipia kunafaa kwa bibi mwenye magoti mabovu anayehitaji kiti cha kando ya njia, kwenye safari ya usiku kucha. Mlipieni yeye na mmoja wa kumwangalia, yatosha. Na ile safu ya mlango wa dharura yenye nafasi ya miguu, mwambieni ndugu wa Brussels asiinunue: mkifika na mtoto mtaondolewa hapo hapo.