Fundi wa Friji wa Kakamega na Kazi ya Majuu: Lipi Kweli, Lipi Uongo?

Fundi wa friji anatafutwa kweli. Joto la dunia linazidi, supamaketi zinaongezeka, chanjo na maziwa haviwezi kusafiri bila ubaridi, na Ujerumani inakiri wazi kwamba mafundi wake wanastaafu kwa wingi kuliko vijana wanaojifunza kazi. Kwa hiyo kijana wa Lurambi au Malava anayejua kufungua kompresa na kuirudisha haoti ndoto ya bure anapofikiria kwenda nje. Mwaka 2024 Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9, na sehemu ya fedha hizo inaonekana vijijini kwetu katika nyumba za matofali na karo za watoto. Kinachoniuma ni kwamba wengi hupanga safari hiyo kwa maneno ya kusikia, na wengine huuza shamba kwa maneno hayohayo. Nimeyachukua yale yanayorudiwa sana nikayapima moja baada ya jingine.

"Ujerumani imewapa Wakenya nafasi 250,000 za kazi."

Uongo. Mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi kati ya Kenya na Ujerumani ulitiwa sahihi Berlin tarehe 13 Septemba 2024, Rais William Ruto na Kansela Olaf Scholz wakiwapo. Idadi hiyo ilisambazwa na vyombo vikubwa vya habari, na Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ikaikanusha hadharani: mkataba hauna idadi wala mgao, na kila mwombaji atapimwa kwa sheria za uhamiaji za Ujerumani. Kanusho halikufika mbali kama uvumi ulivyofika. Mtu akikuambia ameshikiwa "nafasi kadhaa kati ya zile 250,000", basi anakuuzia kitu ambacho serikali yenyewe ya Ujerumani imesema hakipo.

"Cheti cha nini? Kazi ya mikono inajieleza yenyewe."

Hili ndilo linalowaangusha mafundi wengi wazuri, na ni uongo. Nyumbani sifa ya fundi hutembea kwa midomo ya watu. Mwenye bucha Khayega anamwambia mwenye hoteli Shinyalu, na kazi inapatikana. Sifa hiyo haivuki mpaka. Katika nchi nyingi zinazolipa vizuri, sheria inamkataza mtu kugusa gesi ya friji bila kibali, hata awe na miaka ishirini kazini.

Sababu inaeleweka. Gesi nyingi za friji zikivuja hewani huipasha dunia joto kupita kiasi. Kilo moja ya R-134a, gesi ambayo fundi wa Kakamega anaifahamu kama jina lake, ina nguvu ya kupasha joto sawa na kilo 1,430 za kaboni dioksidi katika muda wa miaka mia. R-404A ya friji za biashara inakaribia 3,900. Mkataba wa Montreal wa 1987 ulianza kuziondoa zile zilizokuwa zikila tabaka la ozoni, kama R-12 na baadaye R-22. Nyongeza iliyopitishwa Kigali mwezi Oktoba 2016, hapa jirani tu, ikaagiza hata hizi zilizochukua nafasi yake zipunguzwe. Tangu hapo gesi imekuwa kitu cha kuhesabiwa gramu kwa gramu, na anayeishika lazima ajulikane ni nani.

Ndiyo maana Marekani, tangu 1994, mtu hafungui mfumo wa friji wenye gesi hizo kabla ya kufaulu mtihani wa Kifungu cha 608 cha Sheria ya Hewa Safi. Umoja wa Ulaya una kanuni yake, na toleo jipya lilianza kutumika tarehe 11 Machi 2024. Inamtaka fundi awe na cheti cha kushika gesi hizo, na sasa imeongeza gesi mbadala ndani ya mafunzo. Australia kuna leseni ya ARCtick, na kabla ya kufikiria leseni hiyo ujuzi wako hupimwa kwanza na Trades Recognition Australia. Katika jimbo la Ontario, Kanada, kazi hii ina namba yake, 313A, na ni miongoni mwa kazi ambazo huruhusiwi kuzifanya bila kusajiliwa. Hakuna hata mmoja wa hawa atakayemuuliza mwenye bucha wa Khayega.

Wapimaji hawa huangalia mambo ambayo haraka ya kazi hutufanya tuyaruke. Je, ulipitisha naitrojeni ndani ya mrija wa shaba ulipokuwa ukilehemu, ili masizi yasibaki ndani? Je, ulivuta hewa kwa pampu hadi geji ikasoma chini ya mikroni 500, au ulisukuma hewa nje kwa gesi yenyewe? Gesi uliipima kwa mizani, au ulishika mrija wa kurudi ukasema umepoa, basi inatosha? Na ile gesi ya zamani uliikusanya kwenye mtungi au uliiachia uani? Fundi anayejibu vizuri maswali haya nyumbani atayajibu vizuri popote. Asiyeyajali anaweza kuanza leo kwenye friji ya soda iliyo mbele yake, bila kungoja visa.

Kwa aliyejifunzia jua kali bila kukaa darasani, mlango upo. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, hutoa mtihani wa ufundi kwa ngazi tatu, na anayeanza chini hupanda hadi Daraja la Kwanza. Mwaka 2024 serikali ilizindua pia sera ya kutambua ujuzi uliopatikana kazini, chini ya mamlaka ya ufuzu, KNQA, ili mtu apimwe kwa anachojua badala ya kuulizwa alisoma wapi. Walimu wa Sigalagala National Polytechnic wako karibu, kwenye barabara ya Kisumu. Anza hapo. Cheti cha Kenya peke yake hakikupi leseni ya nje, lakini bila cheti cha Kenya hakuna cha kupimwa.

"Friji ni friji, popote duniani."

Kweli kwa nusu. Mzunguko ni uleule: kompresa inakandamiza, kondensa inatoa joto, gesi inapanuka na kunyonya joto. Vifaa na mazingira ndivyo vinavyobadilika. Aliyezoea volti 240 na mizunguko 50 ya umeme wa Kenya atakuta Saudi Arabia inatumia mizunguko 60, na mota huathiriwa na tofauti hiyo. Supamaketi nyingi za Ulaya zimehamia kaboni dioksidi yenyewe kama gesi ya kupozea, na kwenye mifumo hiyo shinikizo hupanda kupita baa 90, kiwango ambacho geji ya kawaida ya R-134a haijengwi kukistahimili. Friji ndogo siku hizi hutumia R-600a au R-290, gesi zinazowaka moto, na hapo kulehemu mrija wenye mabaki ya gesi ni kuhatarisha uhai.

Huko Ghuba, kazi kubwa haihusu friji za nyumbani. Ni mitambo ya kupozea maji, yaani chila, inayohudumia majengo mazima, na wakati mwingine mitaa mizima, kama Lusail na Pearl huko Qatar. Anayetaka Ghuba ajifunze chila, minara ya kupozea na njia za hewa, na asiogope umeme wa fezi tatu.

"Ghuba ni ya mayaya na askari wa lango tu."

Uongo, na uongo huu una madhara yake, kwa sababu humfanya fundi akubali visa isiyo yake. Saudi Arabia ilianzisha mwaka 2021 mpango wa kuhakiki ujuzi wa wafanyakazi wa kigeni, na mafundi wa viyoyozi walikuwa miongoni mwa waliotangulizwa pamoja na mafundi umeme, mabomba na kulehemu. Nafasi ya fundi ipo na inatambuliwa kwa jina.

Sasa sikiliza hila. Ajenti anakuambia, "Visa ya fundi inachelewa, wewe nenda na ya kibarua, ukifika watakubadilishia." Usikubali. Kazi iliyoandikwa kwenye visa na mkataba ndiyo inayoamua mshahara wako, na ndiyo utakayoshika mkononi siku ya kulalamika. Ukiingia kama kibarua, utatengeneza chila kwa mshahara wa kufagia, na hutakuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba uliahidiwa vingine.

Neno la joto nalo tuliweke sawa. Kazi ya viyoyozi Ghuba mara nyingi hufanywa juu ya paa. Qatar inakataza kazi za nje kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, tangu Juni 1 hadi Septemba 15. Falme za Kiarabu zina marufuku kama hiyo ya mchana kuanzia katikati ya Juni. Jua saa hizo, na ujue kwamba una haki ya kivuli.

"Mwajiri anaruhusiwa kukaa na paspoti yako."

Uongo. Sheria za Qatar, Falme za Kiarabu na Saudi Arabia zote zinakataza. Tabia hiyo bado inaendelea, kwa hiyo acha nakala kwa mtu wa nyumbani kabla hujaondoka Kakamega.

"Ingia na visa ya utalii, kazi utatafuta ukifika."

Uongo huu umebebwa na chembe ya ukweli: Dubai watu wengine hubadilisha hadhi wakiwa ndani ya nchi. Kufanya kazi kabla ya kubadilisha ni kosa, na tangu 2024 Falme za Kiarabu zimepandisha faini ya mwajiri anayemtumia mtu asiye na kibali hadi kati ya dirhamu 100,000 na milioni moja. Mwajiri anayekubali hatari hiyo hutafuta namna ya kuilipia, na mara nyingi hukata mshahara wako. Ujerumani nayo inamtaka Mkenya aombe visa inayofaa akiwa bado Kenya.

Wako waliopoteza zaidi ya mshahara. Tangu 2022 serikali ya Kenya imekuwa ikiwaokoa raia walioahidiwa kazi Thailand kisha wakavushwa hadi Myanmar, wakafungiwa na kulazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Kazi yoyote isiyotaja jina la kampuni, mji na mshahara, ikimbie.

"Kiingereza kinatosha."

Kwa Ghuba, Kanada na Australia, kwa kiasi kikubwa ni kweli, ingawa hizo mbili za mwisho huweza kudai mtihani wa Kiingereza. Kwa Ujerumani ni kweli kwenye karatasi tu. Chancenkarte, kibali cha kutafuta kazi kilichoanza tarehe 1 Juni 2024, kinakubali Kijerumani cha A1 au Kiingereza cha B2. Pamoja na hayo kinataka mafunzo ya angalau miaka miwili yanayotambuliwa na nchi yako, pointi sita, na ushahidi wa fedha za kujikimu zinazozidi yuro 1,000 kwa kila mwezi. Hiyo si pesa ya kuchangiwa harambee moja. Na ukiipata, mkuu wa karakana atakueleza hatari ya umeme kwa Kijerumani.

Kwa kijana aliyemaliza shule juzi, naona njia ya uanagenzi ni bora zaidi. Mafunzo ya ufundi wa ubaridi Ujerumani huchukua miaka mitatu na nusu, mwanagenzi hulipwa akiwa anajifunza, na lugha inayotakiwa kwa kawaida ni B1. Mwaka mmoja wa Kijerumani kwa bidii una faida zaidi kuliko kumpa ajenti fedha hizohizo.

"Ajenti ana ofisi na bango, basi ni halali."

Uongo. Uhalali wa ajenti hutoka kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, na orodha ya waliosajiliwa iko kwenye tovuti yake. Soma jina herufi kwa herufi, maana matapeli hupenda kuiga, kisha angalia kama usajili haujaisha. Hata neno Kazi Majuu, ambalo ni jina la mpango wa serikali, likiandikwa ukutani na mtu yeyote halimpi leseni. Fedha zilipwe kwa akaunti ya kampuni, upewe risiti. Anayetaka utume kwa namba yake binafsi ya simu amekwishajieleza.

"Mkataba utausaini ukifika kule."

Hapana, na hapa sheria yetu ni kali kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Ajira ya 2007, Kifungu cha 83, inataka mkataba wa kazi ya nje uandikwe kwa fomu maalumu, utiwe sahihi na pande zote, kisha uthibitishwe na afisa wa leba. Kabla ya kuthibitisha, afisa huyo anatakiwa kuridhika kwamba umekubali kwa hiari bila kulaghaiwa, kwamba unayaelewa masharti, na kwamba afya yako inaruhusu. Anayemshawishi mtu aondoke nchini kwa kazi bila mkataba wa namna hiyo anafanya kosa la jinai.

Soma mkataba wako ukiangalia mambo haya: cheo kiwe fundi wa friji na viyoyozi, mshahara utajwe kwa fedha ya nchi ile, saa za ziada, nyumba, tiketi ya kurudi, na nani anagharamia leseni ya gesi. Kama mkataba haujafika mkononi mwako, usilipe chochote, usiuze ng'ombe, usiweke hati ya shamba rehani. Ukishaupata, upeleke kwa afisa wa leba Kakamega kabla ya kumlipa mtu yeyote.