Manowari ya Rufiji na hesabu za studio ya Voi

Mwaka 2024 duka la Steam, soko kuu la gemu za kompyuta duniani, lilipokea gemu mpya zaidi ya 18,000. Ada ya kuingiza gemu moja ni dola 100 tu, kisha duka hujikatia asilimia 30 ya mauzo. Kwa ada hiyo karibu kila mtu anaingia, na wengi huondoka bila kurudisha hata gharama za umeme. Kijana wa Voi mwenye kompyuta nzuri na wazo la gemu ya kuzamia meli iliyolala chini ya bahari atashauriwa na wengi aende huko huko, apandishe kazi yake na kungoja dunia imwone. Ushauri huo ni mbovu. Biashara hiyo inaweza kufanyika katika kaunti yake, Taita Taveta, tena kwa faida, lakini mteja wa kwanza awe taasisi inayohitaji meli hiyo ielezwe, na meli yenyewe iwe ya kwetu. Steam inaweza kusubiri.

Tuanze na kinachomfanya mtu anunue gemu ya aina hii. Simulesheni haiuzwi kwa hadithi wala kwa milipuko, inauzwa kwa usahihi. Kampuni ya SCS Software ya Prague ilitoa Euro Truck Simulator 2 mwaka 2012, na hadi leo watu wanalipia ramani mpya ili waendeshe lori kwa saa nzima bila kumpiga risasi mtu yeyote. Huku kwetu ushahidi umo kwenye simu. Gemu ya mabasi ya kampuni ya Maleo ya Indonesia imependwa sana Kenya na Tanzania, na vijana wameyavisha mabasi yake rangi na maandishi ya makampuni yanayopita Voi kila usiku kati ya Mombasa na Nairobi. Ukikosea taa ya nyuma au sauti ya honi, watakwambia siku hiyo hiyo. Hao ndio wateja wa simulesheni. Hawahitaji kufundishwa kupenda uhalisia, wanauhitaji tayari.

Meli iliyozama inadai usahihi wa namna hiyo, tena mgumu zaidi. Kila mita 10 za kina huongeza mgandamizo sawa na wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Rangi nyekundu hupotea kwanza, bluu hubaki, na ukipita mita 1,000 mwanga wa jua umekwisha kabisa. Anayeongoza chombo cha kuzamia kwa waya kutoka melini haoni ila kipande kidogo kilichomulikwa na taa zake. Akisukuma injini kwa pupa karibu na sakafu, tope linafumka, kioo kinageuka kijivu, na hana la kufanya ila kuzima na kungoja litulie. Waya nao unaweza kunasa kwenye nguzo ya mlingoti iliyoanguka, na hapo lazima akumbuke alikopitia ndipo aweze kurudi. Gemu inayomfanya mchezaji angoje tope litulie inaonekana ya kuchosha ukiieleza mezani, lakini kungoja huko ndiko kunakomfanya aamini kwamba yuko chini kweli.

Wengi wakisikia meli iliyozama wanawaza Titanic. Studio changa ikae mbali nayo. Masalia yake yamelala mita 3,800 chini, na kampuni ya Magellan ilipoyapiga picha mwaka 2022 ilitumia zaidi ya saa 200 za vyombo vya kuzamia na kurudi na picha zaidi ya 700,000, zikaunganishwa na kompyuta kuwa umbo moja la pande tatu. Picha hizo zina mwenyewe. Vitu vilivyoopolewa pale navyo vina mwenye haki, kampuni ya Marekani iliyopewa haki hiyo na mahakama tangu 1994. Anayetengeneza gemu ya Titanic kutoka Voi atabaki na mawili: alipe leseni asiyoimudu, au akisie na kuchekwa na mashabiki wanaojua idadi ya misumari.

Meli ya kwetu ipo, na hadithi yake inafika hadi Taveta. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Wajerumani Königsberg iliishambulia HMS Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja, wakati Pegasus imesimama kutengenezwa mitambo, ikaizamisha. Königsberg ikakimbilia kujificha kwenye delta ya Rufiji, ikazingirwa, na Julai 1915 ikaangamizwa. Ila Wajerumani waliiopoa mizinga yake 10 kutoka majini, wakaikarabati na kuitumia nchi kavu. Mwaka huo huo Waingereza walikuwa wakijenga reli kutoka Voi kuelekea Taveta kwa ajili ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Februari 1916 walishindwa kwenye kilima cha Salaita, Machi wakapita vilima vya Latema na Reata, na walipofika Kahe, ng'ambo tu ya mpaka, wakapigwa kwa mzinga wa Königsberg. Mzinga mwingine wa meli hiyo umekaa Fort Jesus, Mombasa, unapigwa picha na watalii ambao wengi wao hawajui ulikotoka. Mtengeneza gemu gani asingetamani meli ambayo silaha zake zilitoka majini na kupanda hadi mlango wa Kilimanjaro? Atakayesema Rufiji si bahari kuu anasema kweli. Lakini tope la delta ni gumu kuigiza kuliko giza la mita 3,800, na mwenye kulimudu hilo atalimudu la bahari. Mombasa nayo ina Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama 1697 wakati Waomani wameizingira Fort Jesus. Watafiti waliifukua kati ya 1977 na 1980, na michoro na vitu vyake viko mikononi mwa Makumbusho ya Taifa. Studio ikianzia kwenye kumbukumbu za namna hiyo haihitaji kukodi nyambizi.

Kwa nini Voi, mji ulio umbali wa kilomita zipatazo 150 kutoka pwani, na si Mombasa? Swali ni la haki, na jibu lake linahusu ardhi. Hifadhi za Tsavo zimechukua takribani asilimia 62 ya eneo la kaunti, na kilichobaki kinagawanywa na ranchi, mashamba ya mkonge na wakulima wanaogombania maji na ndovu. Kaunti kama hiyo inahitaji kazi isiyodai ekari. Voi ina treni ya kisasa na barabara kuu, kodi ya nyumba yake haijafika ya Nairobi, na nyaya za intaneti zinazotoka baharini Mombasa kwenda bara hufuata njia hiyo hiyo. Ina pia Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopata hadhi kamili mwaka 2016, chenye wanafunzi wa uhandisi wa madini na wa kompyuta. Hawa wa madini ndio ninaowatilia mkazo. Kuigiza shimo lenye vumbi, dari dhaifu na taa moja ya kofia hakutofautiani sana na kuigiza chumba cha meli chini ya maji. Injini ya gemu itakayomfundisha mchimbaji wa Kasigau kutambua mwamba unaotaka kuanguka ndiyo itakayompeleka mchezaji ndani ya Königsberg, na mchimbaji huyo ana taasisi zinazoweza kumlipia mafunzo leo.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba Mkenya hachangii shilingi kwenye gemu. Historia inaliunga mkono. Gemu ya Kenya ya Ma3Racer ilipakuliwa na watu wengi sana muongo uliopita, na Nairobi X ikatoka 2015 kwa shangwe, lakini hakuna hata moja iliyozaa sekta. Studio kama Leti Arts, yenye mizizi Ghana na Kenya, zilijishikiza kwa kutengeneza gemu za elimu na afya kwa agizo la mashirika. Watu husema hiyo ni kazi ya kubangaiza. Mimi naiona kama mfumo halisi wa biashara katika soko ambalo mtu binafsi hanunui ila taasisi hununua. Taasisi zina kero zake, hulipa kwa kuchelewa na zabuni zake huchosha, kwa hiyo studio yenye mteja mmoja tu itafungwa kabla hundi haijasainiwa. Ndiyo maana nasema makumbusho na mafunzo ya migodi kwa pamoja, kisha toleo la simu litakalouzwa kwa M-Pesa kwa bei ya chai na mandazi. Hapo mhasibu akumbuke kwamba Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mapato ya maudhui ya kidijitali.

Kinachobaki ni mkataba, na hapa Taita Taveta ina uzoefu mchungu. Vito vya kaunti hii, tsavorite ikiwemo, vimeuzwa miaka mingi vikiwa ghafi kwa madalali, vikakatwa ng'ambo, na bei kubwa ikabaki huko. Kituo cha vito kilichojengwa Voi ili kurekebisha hilo kilikaa miaka bila kufanya kazi iliyokusudiwa. Kwenye gemu, jiwe ghafi ni ile seti ya picha na umbo la meli la pande tatu. Makumbusho yanaweza kulimiliki umbo hilo, na ni halali yao, lakini studio ibaki na msimbo wake na ruhusa iliyoandikwa ya kulitumia umbo hilo katika matoleo mengine. Mwanasheria mmoja mjini anaweza kuandika vifungu hivyo viwili kwa siku moja. Studio isipokee malipo ya kwanza kabla vyote viwili havijasainiwa.