Kupima Umri wa Mchanga

Leo twende Australia, tukamtazame mchimbuzi wa mambo ya kale akiwa kazini. Swali lake ni hili: wenyeji wa asili wa nchi ile walianza kukaa huko lini?

Kaskazini, katika nchi ya watu wa Mirarr, pana mwamba mkubwa ulioinama kama kibanda, uitwao Madjedbebe. Chini yake, zaidi ya mita mbili ardhini, yamechimbuliwa mawe ya kusagia, mashoka ya mawe yaliyonolewa, na udongo mwekundu wa kupakia rangi.

Lakini jiwe halina tarehe. Mkaa wa jikoni hupimika, ila kipimo chake hukoma kwenye miaka kama 50,000. Basi wataalamu huuliza mchanga uliolifunika lile jiwe. Wewe fikiri mtungi uliotegwa chini ya paa linalovuja: ukiona maji yalivyojaa, na ukijua matone yaanguka kwa kasi gani, utajua mtungi umekaa hapo muda gani. Chembe ya mchanga ni vivyo hivyo. Jua huimwaga yote. Ikisha kufukiwa, nguvu itokayo katika udongo huijaza kidogo kidogo. Ikimulikwa na taa maalumu huitoa nguvu ile kwa mng'ao hafifu, nao ndio upimwao.

Kwa hiyo mchanga huo usione jua hata kidogo. Bomba hugongwa katika ukuta wa shimo, likazibwa, likafunguliwe katika chumba chenye taa nyekundu iliyofifia. Ukizembea dakika chache tu juani, hesabu ya maelfu ya miaka imepotea!

Mwaka 2017 jibu la Madjedbebe lilitangazwa: miaka 65,000 hivi. Wako wataalamu wasiokubali. Wao wasema huenda mawe yalididimia mchangani.

Kazi ile ilifanywa kwa mapatano na Wamirarr, nao walikuwa na uwezo wa kuisimamisha. Zamani hawakupigiwa hodi. Mwaka 1974, penye Ziwa Mungo lililokauka, mifupa ya mtu aliyeishi miaka kama 42,000 iliyopita ilitolewa ikapelekwa Canberra, wenyeji wasiulizwe. Waliidai miaka mingi. Ilirudishwa mwaka 2017, ndani ya jeneza la mti wa kale, ikazikwa mwaka 2022, na hata siku hiyo wenyeji wenyewe hawakuwa wameafikiana wote juu ya mazishi hayo.