Hamu ya kufuma iliniisha miaka mitano, ikarudi na kofia ya mtoto

WANAWAKE wengi tuliorudi kutoka kambi za Kasulu na Kibondo tulivuka mpaka tukiwa na sindano ya kufumia ndani ya mzigo. Wengine waliichomeka kwenye donge la uzi, wengine wakaifunga kwenye upindo wa kitenge isipotee njiani. Leo ukipita nyumba kwa nyumba hapa Mabanda ukauliza sindano ile iko wapi, wengi watakuonyesha kopo juu ya kabati. Haijavunjika wala haijapinda. Kilichokwisha ni hamu.

Naandika habari hii kwa sababu jambo hili lilinipata mimi mwenyewe kuanzia mwaka 2016 hadi 2021. Tena kila ninapokwenda kuuza Manyovu, upande wa Tanzania, sikosi kukutana na mama anayeniambia, "Dada, siku hizi hata nikishika uzi mikono inakuwa mizito." Analisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa wa aibu. Majirani wanamwita mvivu. Mimi siliamini neno hilo, maana mama huyo huyo utamkuta shambani saa 12 asubuhi.

KAZI YA KUSUBIRI

Nilijifunza kufuma mwaka 1998 katika kambi ya Mtabila, wilaya ya Kasulu. Mwalimu wangu alikuwa mama wa makamo kutoka Rumonge. Sindano yangu ya kwanza ilikuwa spoki ya baiskeli, ncha yake ikachongwa kwa tupa mpaka ikawa ndoano, halafu ikasuguliwa kwenye jiwe ili isikwaruze uzi. Spoki ya kawaida ina unene wa milimita 2 hivi, sawa na sindano ya dukani ya namba hiyo. Ndiyo maana vitambaa vyetu vya uzi wa pamba vilikuwa havitofautiani na vya mjini.

Wakimbizi hatukuruhusiwa kwenda zaidi ya kilometa 4 kutoka kambini. Shamba hatukuwa nalo, biashara ya maana hatukuwa nayo. Muda ndio ulikuwa mwingi. Tulifuma kwenye foleni ya mgao wa unga, tulifuma zahanati tukisubiri kuitwa, tulifuma jioni mpaka mtu ukawa huoni tundu la kupitishia sindano. Seti ya vitambaa vya makochi ikiuzwa, ndiyo chumvi, ndiyo sabuni, ndiyo madaftari ya wadogo zangu.

Nataka msomaji alielewe hilo, kwa kuwa mzizi wa mambo upo hapo. Kwa wengi wetu kufuma kulikuwa ni kazi ya kusubiri. Unasubiri mgao, unasubiri amani, unasubiri jina lako litoke kwenye orodha ya kurudi nyumbani. Ukishafika nyumbani, mkono unakuuliza: sasa nasubiri nini?

TELEVISHENI ZILIPOKONDA

Nilirudi mwaka 2008, miaka minne kabla ya Mtabila kufungwa. Miaka ya kwanza sikupata tatizo lolote. Watu walikuwa wanajenga, wananunua makochi, na kochi bila kitambaa lilionekana kama mtu aliyetoka bila shati. Nilifuma seti za meza, za redio, za televisheni. Zote nyeupe. Zote ua la nanasi, lile linaloanza pana na kumalizika na ncha, kwa sababu mteja alipoona kwa jirani nanasi alitaka nanasi.

Halafu televisheni zikakonda. Kitambaa kizuri cha pembe tatu, kilichokuwa kikining'inia mbele ya televisheni ya zamani yenye mgongo mpana, hakikuwa na pa kukaa tena. Makochi nayo yakaja ya ngozi ya kuteleza, kitambaa unakiweka asubuhi, mchana kiko sakafuni. Na sokoni vikaingia vitambaa vya kiwandani, kumi kwa bei ambayo mimi hainirudishii hata gharama ya uzi.

Hapa niseme neno moja kwa wafanyabiashara wenzangu. Vile vya kiwandani havifumwi kwa ndoano kama vyetu. Mashine za viwandani zinasuka uzi kwa njia nyingine na kuiga sura tu. Chukua kitambaa cha mkono, fungua fundo la mwisho, vuta: kinafumuka kitanzi kimoja kimoja mpaka unarudi mwanzo. Mteja anayebisha bei mwonyeshe hilo.

Basi soko likapungua, na kipindi hicho hicho familia yetu ikawa na shauri la shamba na ndugu waliobaki nchini, kama ilivyowakuta abahungutse wengi, yaani sisi tuliorejea. Nilikuwa naenda kwenye vikao na kitandiko cha kitanda mapajani, cheupe, cha uzi mwembamba, nikirudi kule kule kwenye kufuma huku nikisubiri. Siku moja mwaka 2016 nilikikunja, nikakitia kwenye mfuko wa plastiki, nikauweka mfuko chini ya kitanda. Shauri lilimalizika mwaka 2018 kwa kugawana nusu kwa nusu. Mfuko ulibaki pale pale.

USHAURI NILIOPEWA

Walionipenda walinishauri ninunue uzi mpya wa rangi nzuri. Huu ndio ushauri unaotolewa kila mahali, na kwangu haukufaa kitu. Uzi mpya ulikaa kwenye kopo ukinitazama. Mtu asiye na hamu ukimpa uzi zaidi umemwongezea deni tu. Mwingine aliniambia nijilazimishe mistari miwili kila usiku. Nililala na sindano mkononi.

Lililofaa halikuja kwa kutafutwa. Mwezi Machi 2021, wakati wa mvua, alikuja mke wa binamu wa mume wangu, yule yule tuliyegawana naye shamba. Tangu shauri liishe tulikuwa tunasalimiana njiani na kupitana. Alisimama mlangoni, hakutaka kukaa. Akasema, "Dada, wewe si ulikuwa unafuma? Mjukuu wangu amezaliwa juzi kule Mugamba. Baridi ya huko unaijua."

Mtoto mchanga hanyimwi kofia kwa sababu ya shamba. Nilichukua uzi wa sweta, ule mnene, na sindano ya milimita 4. Kofia ya mtoto mchanga huanzia utosini: nguzo 12 ndani ya kitanzi, mzunguko wa pili 24, wa tatu 36, wa nne 48. Hapo unaacha kuongeza na kushuka moja kwa moja. Kichwa cha mtoto aliyezaliwa kwa miezi yake kina mzunguko wa sentimeta 35 hivi, na uzi wa sweta unavutika, kwa hiyo nguzo 48 zinatosha.

Nilianza maharage yakiwa jikoni. Yalipoiva nilikuwa nimefika masikioni. Kabla ya kulala kofia ilikuwa imekwisha, nikaiweka juu ya goti langu na kuitazama kama iliyofumwa na mtu mwingine. Kitandiko changu kilikuwa kimekula miezi saba na hakikuwa na dalili ya mwisho. Kofia ilikula jioni moja. Kesho yake nilifuma soksi bila kuombwa.

MACHO NAYO

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalitaji. Baada ya miaka 40 macho ya binadamu yeyote huanza kupoteza uwezo wa kuona vizuri vitu vya karibu. Haliogopi aliyesoma wala asiyesoma. Uzi mweupe mwembamba, kwa taa ndogo, kwa macho ya umri huo, ni mateso. Mtu anapata kichwa kuuma, anakosea kuhesabu, anafumua, anachukia. Mwisho anasema hana hamu.

Jirani yangu mmoja alipata miwani ya kusomea, akarudi kwenye vitambaa vyake wiki ile ile. Mimi niliijaribu ya kwake, nikaona matundu yote. Mama mwenye miaka 45 anayelalamika kwamba kufuma kumemchosha, apimwe macho kwanza kabla hajahubiriwa. Na kama ni kifundo cha mkono au dole gumba linalouma, uzi mnene na sindano yenye mpini uliozungushiwa kitambaa hupunguza kukaza vidole.

NILIKIFUMUA

Baada ya kofia sita hivi, niliutoa mfuko chini ya kitanda. Sikukiendeleza kitandiko, nilikifumua chote. Mume wangu alishika kichwa. Lakini kadiri uzi ulivyokuwa unatoka, ndivyo nilivyokuwa napumua. Kitandiko kile kilikuwa na vile vikao vyote ndani yake.

Uzi uliofumuliwa hujikunjakunja kama nywele. Usiufume hivyo hivyo. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti upate duara kubwa, lifunge kwa kamba sehemu nne lisichanganyike, lilowanishe kwa maji, kisha litundike na kitu kizito kidogo kwa chini. Ukikauka umenyooka. Uzi wangu ulitoa vitambaa vidogo vya kuwekea vikombe, kimoja kwa saa moja, kila kimoja na ua lake. Nanasi sikuligusa.

Nimewahi kusoma habari za Ireland wakati wa njaa kubwa iliyoanza mwaka 1845, viazi vilipooza shambani. Watawa waliwafundisha wanawake na wasichana kufuma kwa ndoano, na kazi hizo ziliuzwa mbali zikalisha familia. Kazi iligawanywa: huyu afume waridi, yule jani, mwingine aunganishe. Kwa biashara ni mpango mzuri, na sisi wa kambi tunaielewa njaa inayomfanya mtu afume kwa ajili ya unga. Ila mimi humfikiria yule wa waridi. Asubuhi waridi, jioni waridi, mwaka ujao waridi. Akiisha hamu huyo, nani atamwita mvivu?

Ndiyo sababu sasa nina utaratibu wangu. Ninachofuma kwa mauzo nakifuma mchana, na sikubali oda ya seti nzima ya ua moja. Usiku nafuma cha kwangu, hata kama nitakifumua.

ALHAMISI

Mwaka 2022 tulianza kukaa pamoja Alhamisi baada ya saa 9, chini ya mparachichi. Tuko tisa. Baadhi yetu tumerejea, baadhi hawakuwahi kuondoka. Tuliorejea tunasema cheni na nguzo, tulivyofundishwa kambini. Wale waliobaki walijifunza kwa majina ya Kifaransa. Mwanzoni tulikuwa tunabishana bure juu ya kitu kile kile. Siku hizi tunafuata michoro ya alama, ambayo haina lugha: kiduara ni cheni, herufi T yenye mkato ni nguzo. Binti mmoja anaitoa kwenye simu. Michoro hiyo ina faida nyingine. Maelezo ya Waingereza na ya Wamarekani hutumia jina moja kwa vifundo viwili tofauti, na ukiyachanganya sweta ya mtoto inaweza kumtosha baba yake.

Uzi tunauagiza kwa wanaovuka kwenda Kasulu. Kwenu ndugu mnaouleta, nawaomba mawili. Kwanza, angalieni namba ya mkupuo wa rangi kwenye karatasi ya donge, siyo jina la rangi peke yake. Madonge mawili ya bluu moja yaliyotiwa rangi siku tofauti hayalingani, na tofauti inaonekana jua likipiga, kazi ikiwa imekwisha. Pili, msituambie kwamba cheti rahisi cha asili, kile cha mzigo usiozidi dola 2,000, kinafuta ushuru wa kila kitu. Kinahusu bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya na zilizomo kwenye orodha. Uzi uliotoka Uchina haugeuki kuwa wa Kasulu kwa kupita Kasulu.

Hivi sasa nina kitandiko kingine. Ni cha miraba midogo ya masalio ya uzi, kila mraba unakwisha kwa jioni moja, na rangi zisipolingana hakuna anayejali. Nimepanga miraba 140 na nimefika 91. Ile ya rangi ya damu ya mzee siifumi mimi. Anaifuma bibi wa yule mtoto wa Mugamba, na huileta kila Alhamisi, na siku hizi anakaa.